Nusu ya Chini ya Tuni ya Lachie

Askari alitaka kujua mna nini ndani ya sanduku, na Effie MacVicar akamjibu kweli, jambo ambalo halikumsaidia.

"Zumari la kiriba."

Kijana yule, mwenye chunusi kidevuni na bunduki begani, aliinua bomba moja la mti mweusi akachungulia tunduni kama anayechungulia mtutu. Abiria wote walikuwa wamenyamaza. Basi lilikuwa limetoka Glasgow tangu jana, likavuka maji kwa meli, likapita Derry, na sasa lilikuwa limesimamishwa mpakani, Donegal ya Wairishi inaonekana kabisa mbele, kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Kiskoti na mabomba yake.

"Mtu wa wapi wewe?" askari akauliza.

"Kintyre. Na wewe?"

"Fife."

"Mskoti mwenzangu, basi unajua vizuri hiki ni nini. Unanichosha tu."

Mtu mmoja viti vya nyuma akacheka puani. Askari akarudisha bomba sandukuni, masikio yamemwiva. "Babu yangu alikuwa nalo," alisema kwa sauti ndogo, akashuka.

Dereva akatia gia. "Dada," alisema bila kugeuka, "mimi nimezeekea njia hii. Waskoti wanaokuja huku huja kuoa au kuzika. Wewe umejia lipi?"

"Nimekuja kuunda bendi."

"Mama yangu. Afadhali ungekuja kuzika."

Effie alicheka pamoja na wengine, lakini mkono haukuondoka kwenye sanduku. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na huko alikotoka hakuacha kitu cha kurudia. Kiwanda alimokuwa akishona makoti kilikuwa kimefungwa, mume alikuwa amehamia kwa mwingine, na chumba alikuwa amemrudishia mwenyewe ufunguo. Alichobaki nacho ni zumari, lile la aina ndogo linalopigwa ndani ya nyumba, linalojazwa upepo kwa mvukuto wa kwapani badala ya mdomo. Hilo, na neno la mzee Lachie.

Lachie ndiye aliyemfundisha kupiga. Ujanani mzee huyo alikuwa mpishi katika kambi za milimani, enzi zile Uskoti ilipokuwa ikitoboa milima ili maji yapite yazalishe umeme. Waliotoboa hasa walikuwa Wairishi wa Donegal, waliokuja makundi kwa makundi kama baba zao walivyokuwa wakija kuvuna viazi. Majira ya baridi yaliyopita, vidole vimekauka na pumzi inahesabika, Lachie alimwambia Effie kwamba tuni yake bora kuliko zote haimo tena mikononi mwake. "Niliitunga kambini, nikampigia mtu mmoja jioni moja tu. Manus Breslin, mpiga fidla. Mimi imenitoka. Yeye haijamtoka, wale watu hawasahau kitu. Nenda kaichukue." Baada ya hapo alikufa, na Effie hakuwa na pa kwenda ila huko alikotumwa.

Akili yake ilikuwa imekwisha kujenga nyumba nzima juu ya kiwanja hicho kitupu. Fidla ya Donegal, zumari la Argyll, jimbo la kwao, muziki wa pwani mbili ambazo siku ya anga safi karibu zionane, na ambazo kila moja huapa kwamba nyingine ndiyo iliyoiibia tuni. Watu wangekuja kusikiliza. Yeye mwenyewe angekuja kusikiliza.

Kijiji cha Meenadarra kilikuwa kanisa, duka, ukumbi wa parokia na baa ya Condy Gillespie, vyote vikinyeshewa. Ndani ya baa Condy alikuwa akifuta glasi. Alikuwa mtu mnene, mwenye macho ya kuuza.

"Namtafuta Manus Breslin," Effie alisema.

"Tunao watatu."

"Mpiga fidla."

"Wote ni wapiga fidla. Mmoja amekufa, ila bado anampita wa pili."

"Aliyefanya kazi kwenye handaki, Uskoti."

Kitambaa kilisimama juu ya glasi. "Manus Hughie," Condy alisema, akiunganisha jina la mtu na la baba yake, kama wanavyofanya watu wa huko. "Fuata barabara mpaka nyumba ya Nóra, shemeji yake. Saa hizi anaingiza udongo wa moto."

Na kweli alimkuta mlangoni amebeba kapu la udongo ule mweusi wanaoukata nyikani na kuukausha uwe kuni. Alikuwa mrefu, ameinama mabega, mikono mikubwa iliyopasuka. Effie alipolitaja jina la Lachie, Manus hakuweka kapu chini. Alilishika vilevile, akatazama barabara.

"Lachie mpishi," alisema hatimaye. "Uji wake ulikuwa na mchanga." Akaingia ndani.

Aliyemkaribisha ni Nóra, mjane wa Conal, ndugu yake Manus. Mwanamke mkavu, nywele zimefungwa kwa kitambaa, aliyesema na watu huku amewapa mgongo akishughulika na jiko.

"Mprotestanti?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Chumba cha juu kiko wazi. Ijumaa sipiki nyama, hata Askofu wenu akija mwenyewe."

"Kwetu hatuna maaskofu."

"Maskini," Nóra alisema, na haikujulikana anawahurumia watu wa Kintyre au maaskofu. Akamkatia kipande cha mkate wa magadi, akakipaka siagi nene kama kidole.

Hivyo ndivyo Effie alivyoanza kuyajua maisha ya Manus Hughie, kidogokidogo, kama unavyolijua shamba la mtu kwa kupita pembeni yake kila siku. Aliishi upande wa pili wa barabara katika nyumba ya wazazi wake, peke yake. Hakuwahi kuoa. Alirudi kutoka handakini akiwa kijana na hakuvuka tena maji. Tangu hapo alikuwa kibarua wa barabara za wilaya: kuziba mashimo, kuzibua mifereji, kupiga koleo mvuani miaka nenda rudi mpaka walipomstaafisha. Kila asubuhi aliingiza udongo wa Nóra. Kila kiangazi alipaka chokaa kuta za Nóra. Chakula cha mchana alikula mezani kwa Nóra, wakizungumza machache, kuhusu mvua na waliokufa. Mtoto wa Conal, aliyepewa jina la babu yake Hughie, Manus alimlea kutoka ng'ambo ya barabara kana kwamba amelipwa kufanya hivyo, hadi kijana akakua akaenda Coatbridge, karibu na Glasgow, kama wanavyokwenda wote.

Na fidla alipiga. Jumapili baada ya misa, jikoni mwa Condy, alikaa kwenye benchi fupi la ukutani na kupiga.

Mara ya kwanza Effie alisikitika. Sauti ilikuwa ya chini mno, nzito, kama mtu anayeongea na ng'ombe zizini. Halafu akaanza kusikia kilichokuwamo. Upinde mfupi, mkali, unaokata noti kama shoka linavyokata matawi madogo; na katikati ya ngoma za Kiirishi zikatokea ngoma za kwao Effie, za Uskoti, zilizovuka maji kwenye mifuko ya wavuna viazi na kubadilika njiani kama watoto wanavyobadilika ugenini. Akafungua sanduku lake bila kuombwa. Akakaza mvukuto kwapani, akaacha mvumo wa zumari, ile sauti moja isiyokatika, usimame chini ya fidla, kisha akashika tuni kwa juu. Jiko lote likanyamaza. Condy akatoa ngoma yake ya ngozi ya mbuzi kutoka nyuma ya mlango, na hapo ndipo waliokuwapo walipoanza kutafuta makoti yao.

"Mnaona wivu," Condy aliwaambia, akiipiga.

"Condy," Manus alisema, "mbuzi huyo alishakufa. Mwache."

Ndivyo bendi ilivyoanza. Condy alitaka iitwe Viazi na Sketi. Effie akaiita Mkondo, kwa ule mkondo wa bahari unaotenganisha nchi zao mbili, na Manus hakuita chochote. Alisema tu "lile jambo la Mskoti". Lakini alikuja. Kila Jumapili, na Jumatano pia, alikuja na fidla aliyoivalisha mfuko wa unga. Walipiga harusini, walipiga kwenye mnada wa kondoo, wakaitwa hadi mji wa pili. Nóra alisema hajapata kumwona anapiga pasi shati lake tangu alipomfahamu.

Palikuwa na mambo mawili ya ajabu kwake, na Effie aliyaweka kwenye hesabu ya uzee. La kwanza ni benchi. Manus alikaa ukingoni kabisa, nusu ya tako nje, na nafasi yote ya kushoto ikabaki wazi. Siku moja Effie aliweka mfuko wa zumari hapo. Manus aliuinua, akautundika kwenye ndoano, akakaa tena ukingoni.

"Utaanguka, Manus," mtu mmoja alisema.

"Sijaanguka bado."

La pili ni kwamba hakupiga juu kamwe. Milima ile ina desturi yake: wapiga fidla huenda wawiliwawili, mara nyingi ndugu, mmoja akiipiga tuni kwa sauti ya juu na mwenzake akiipiga ileile kwa sauti ya chini, kama mke na mume wanaoimba maneno yaleyale kanisani. Na ipo sheria ambayo Manus mwenyewe alimfundisha Effie siku alipokatiza tuni ili kukaza ukanda wa mvukuto. "Wa chini hamwachi wa juu katikati ya njia," alimwambia. "Hata nyumba ikiwaka. Malizeni kwanza." Effie aliyajua hayo yote kama mtu anavyoijua katekisimu. Hakuuliza kwa nini mtu wa chini anapiga peke yake.

Tuni ya Lachie aliipata mwezi wa Juni. Aliiomba mara nyingi, na Manus kila mara aligeuzia mazungumzo mvua. Kisha mchana mmoja, wamebaki wawili jikoni kwa Condy, aliinua fidla bila neno akaipiga. Ilikuwa ya mwendo wa taratibu, yenye kupanda na kusita, kama mtu anayepanda mlima huku akigeuka kuangalia alikotoka. Effie alimtambua Lachie ndani yake kama unavyoitambua sauti ya mtu nyuma ya mlango. Alilia kidogo, akajifuta.

"Shika mvumo tu," Manus alimwambia alipotaka kuingia. "Usipige tuni."

"Nataka unifundishe ya juu."

"Ya juu si yangu."

Hakusema zaidi, wala Effie hakuuliza. Na hapo ndipo alipokosea, kosa la mpiga zumari. Kwa watu wa zumari, tuni hushuka kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi kama shamba linavyoshuka kwa mrithi. Hakuna njia nyingine ya kuimiliki. Kama ya juu si ya Manus, basi ni ya Lachie. Na kama ni ya Lachie, Lachie amekufa, mrithi ni yeye. Aliona mzee wa watu ameiweka nafasi wazi kwa heshima, miaka yote hiyo, akimngojea mwenyewe aje.

Sikukuu ya Mama Maria ya mwezi wa Agosti ilikuwa inakaribia. Condy alikuwa amebandika matangazo mpaka Letterkenny: Mkondo, ukumbi wa parokia, baada ya misa. Watu wa redio wangekuwapo. Alichotaka Condy ni sauti. "Fidla moja ukumbini ni nzi kwenye chupa," alimwambia Effie. "Tena anapiga chini. Kule nyuma watasikia zumari lako na mbuzi wangu tu." Akamtajia Eunan Gildea, karani wa benki wa Letterkenny, kijana mpole mwenye upinde mrefu na tai.

Effie alijumlisha moja na moja. Zumari lake lina noti tisa tu. Tuni ya Lachie ilivyokuwa imegeuzwa kwenye fidla ilizivuka kwa juu na kwa chini. Lakini fidla nyingine ingeweza. Yeye na Eunan wakakutana mchana kwenye darasa la shule, madawati yamesukumwa ukutani. Yeye akiimba alivyomsikia Manus, Eunan akiipandisha juu. Ilichukua wiki. Ilipokamilika wote wawili walitazamana, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko walivyotarajia.

"Umemwambia Manus?" Condy aliuliza.

"Ni zawadi. Nataka aisikie palepale."

Condy aliuzungusha mfuniko wa chupa vidoleni. "Zawadi," alisema. "Sisi huku si watu wa kupeana zawadi sana." Akaenda kumhudumia mteja.

Ukumbi ulijaa. Watu walitoka misani na nguo zao nzuri, wakakaa, wakasimama ukutani, watoto wakakaa madirishani. Nóra alikuwa safu ya tatu, mkoba magotini. Manus alivaa shati lililopigwa pasi, akaketi ukingoni mwa benchi, ambalo Condy alikuwa amelileta kutoka jikoni kwa sababu mzee hakukubali kiti kingine. Walianza kwa ngoma za haraka, na ukumbi ukawaka. Waskoti wachache waliokuja likizo walipiga makofi kwa tuni za Donegal, na watu wa Donegal walipiga miguu kwa tuni za Uskoti, na kila upande ulidhani unashangilia chake. Effie alifikiri: ndiyo hii. Hii ndiyo ile nyumba.

Mwisho ikaja tuni ya Lachie. Alishika mvumo, kama alivyoagizwa. Manus akaipiga mara moja nzima, chini, peke yake, na hata wale wa nyuma walisikia. Aliporudia mwanzo, Eunan akatoka pembeni mwa jukwaa kwa hatua za kunyata, akaketi kwenye benchi, upande wa kushoto, mahali palipokuwa wazi, akaingia kwa juu.

Watu wa redio na Waskoti waliinua vichwa. Wenyeji wa Meenadarra waliinamisha vyao. Effie aliliona hilo na hakulielewa. Aliona kama shamba la ngano linalovumiwa na pepo mbili.

Manus hakugeuza uso. Upinde wake ulisita nusu ya noti, usingejua kama hukukaa naye, kisha ukaendelea. Alipiga yote. Alimbeba yule kijana kutoka mwanzo hadi mwisho, akapunguza pale alipopumua, akamngoja pale alipopanda, akamshusha polepole katika noti ya mwisho na kumwachilia. Effie hajapata kusikia mtu akimpigia mwingine chini vizuri vile, si siku ile wala baadaye. Makofi yalipolipuka, Manus aliulegeza upinde wake, kama kila mpiga fidla afanyavyo. Halafu akaanza kulegeza nyuzi, moja baada ya nyingine, zote nne, mpaka zikalala juu ya mbao kama uzi wa kufumia. Hilo hakuna mpiga fidla alifanyaye ila anapoiweka fidla kwa muda mrefu.

"Umefurahi, mzee?" Eunan alimuuliza, uso unang'aa.

"Umepiga vizuri, kijana," Manus alisema. Akaivalisha fidla mfuko wa unga, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kesho yake asubuhi kapu la udongo lilikuwa tupu kando ya jiko. Nóra alikuwa amekaa, jambo ambalo Effie hakuwahi kuliona. Na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni.

"Anafunga mizigo," Nóra alisema. "Anakwenda Coatbridge kwa Hughie. Basi la mchana."

"Kwa nini?"

"Keti."

Effie akaketi.

"Jioni ile ya tuni, kambini, zamu ya handaki ilikuwa ya Manus," Nóra alisema. "Lakini huyo mpishi wenu alikuwa amemwahidi tuni mpya, na mpishi alikuwa na nafasi jioni ile tu. Conal akamwambia, nenda wewe, nitaingia badala yako. Kesho utanifundisha, nitapiga ya juu. Walikuwa hivyo, yeye juu, Manus chini, tangu wakiwa wadogo wanagombea fidla moja. Manus akaenda jikoni, akaishika tuni. Usiku kucha akaiteremsha chini ili kesho imwachie ndugu yake nafasi. Mwamba ukashuka kabla ya zamu kwisha. Walimtoa Conal amefungwa kwenye vipande vya turubai. Mimi nilikuwa hapa, mimba ya miezi saba."

Nje lori la maziwa lilipita.

"Conal hakuisikia hata noti moja," Nóra aliendelea. "Kwa hiyo ya juu haijawahi kupigwa na mtu. Hiyo ndiyo tuni mliyoimalizia darasani."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukumuuliza mtu. Ungemuuliza mtoto yeyote barabarani, angekwambia."

"Condy alijua?"

"Condy." Nóra alicheka bila sauti. "Condy alikuwa na redio."

Akanyoosha kitambaa cha meza kwa viganja, taratibu, kikiwa kimenyooka tayari. "Jana nimeisikia. Nilikuwa nadhani nitachukia. Yule kijana kapiga vizuri sana. Ubaya wake ndio huo. Angepiga vibaya, Manus angekasirika, angemkaripia, angebaki." Akapangusa makombo ya mkate. "Watu walisema mengi kuhusu sisi. Hayakuwapo. Hakuwahi kuniomba, wala mimi sikuwahi kungoja; au nilingoja, sijui tena. Lakini mtu mwenye kazi nusu haondoki mahali. Kila asubuhi nilisikia kapu likigusa sakafu, nikajua bado haijamalizika. Sasa umemmalizia, binti. Umenichukulia mzee wangu, na hukufanya kwa ubaya, kwa hiyo hata kukutukana siwezi."

Effie alimkuta Manus kituoni, chini ya ukingo wa paa la duka, sanduku la nguo miguuni na fidla mkononi. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyoonekana mpaka umelowa.

"Nimeambiwa," Effie alisema. "Nisamehe, mzee."

"Hukujua."

"Ningeuliza."

"Naam. Ungeuliza."

Condy alionekana mlangoni mwa baa yake ng'ambo, akainua mkono, Manus hakuinua wake.

"Nitamwondoa Eunan. Tutairudisha ilivyokuwa, wewe chini, mimi mvumo. Au tusiipige kabisa."

"Mskoti," Manus alisema, si kwa ukali, "yai likishavunjwa hulirudishi. Nimeisikia ya juu sasa. Usiku mzima nilijaribu kumsikia Conal mahali pake, kama zamani. Namsikia karani wa benki."

Basi lilitokea kwenye kona, lilelile, dereva yuleyule. Aliposimama na kufungua mlango alimtazama Effie, akataka kuuliza jambo, kisha akaona mfuko wa unga mkononi mwa Manus, akaacha.

"Fidla utapiga huko?" Effie aliuliza.

"Hughie ana jirani wa ukutani, hapendi kelele." Manus alipanda ngazi moja, akageuka. "Uji wa Lachie ulikuwa na mchanga," alisema. "Lakini tuni ile ni njema. Mwambie mtu." Akaingia, akakaa upande wa dirisha lisilotazama barabara ya Nóra.

Basi lilipotea. Effie alibaki pale mpaka Condy alipovuka barabara, koti kichwani.

"Nilidhani unajua," Condy alisema. "Haki ya Mungu. Kila mtu anajua."

Effie alitazama kona basi lilipopotelea.

"Redio wanataka kurudi Jumamosi. Ile ya mwisho, wanasema, ile ya fidla mbili. Eunan amekubali. Niwaambieje?"

Hakuwa na chumba Glasgow, wala kiwanda, wala mume, wala Lachie. Alikuwa na bendi, kama alivyotaka.

"Waambie waje," alisema.

Kisha alitembea kurudi. Nóra alikuwa amesimama kizingitini, mikono ndani ya aproni, akitazama mahali basi lilipokuwa. Hakumkaribisha Effie wala hakumfukuza. Kapu tupu lilikuwa limewekwa nje ya mlango. Effie aliliokota, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye rundo la udongo, ambalo Manus alikuwa amelipanga kwa uangalifu, la kutosha majira yote ya baridi, akaanza kujaza.